Nilinunua neno 'adimu' kwa Sh45,000

Umewahi kusimama kando ya stendi ukatazama pata potea? Karata tatu juu ya katoni, jamaa mmoja anazizungusha, na pembeni kuna msee anashinda tu, anashinda tu, hadi mkono wako unaanza kuwasha mfukoni. Kila mtoto aliyelelewa Nairobi ameonywa nyumbani: yule anayeshinda ni mmoja wao. Mimi pia nilionywa. Na bado nimechezwa pata potea nikiwa kitandani, chini ya blanketi, simu mkononi, na aliyenicheza yuko Uingereza.

Nilichonunua ni treni. Cheka, halafu usome, kwa sababu hii hadithi itakufikia hata kama hujawahi kuwaza treni maishani.

Uingereza kuna watu wazima, wengine na mvi zao, wanaokusanya treni za modeli. Si vitu vya plastiki vya kuvuta kwa uzi. Ni nakala za injini halisi, kila kitu kimepunguzwa mara 76, na zinatembea kwa umeme wa volti 12 kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Hornby, jina kubwa kabisa huko, lilianza kuuza treni mwaka 1920. Wenye masanduku hayo wakizeeka, wakihamia nyumba ndogo au wakiaga dunia, mali yao huishia kwenye minada ya mtandaoni. Huko ndiko nilikokutana na kiboko yangu.

Guka wangu alikuwa fayaman wa reli, yaani yule anayekaa na dereva akiangalia moto na mvuke. Aliishi Makongeni, na alifanya kazi kwenye injini za Garratt za daraja la 59. Kama hujui hizo, nenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi uione Mount Gelai, nambari 5918. Utasimama mbele yake ujihisi kama sisimizi. Zilitengenezwa 34, na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, zikaletwa huku 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ina uzito wa zaidi ya tani 250. Zilichoma mafuta, si makaa ya mawe, na guka hukasirika ukimwambia alikuwa anachota makaa na sepetu.

Guka alikuwa anatimiza miaka 80. Sisi wajukuu tisa tukafungua kikundi cha WhatsApp, kila mmoja akatuma Sh3,000 kwa M-Pesa, jumla Sh27,000. Mimi ndiye nikapewa kazi ya kutafuta zawadi, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa mitandao". Ukiacha chuo mwaka wa pili ukaanza kublogu, familia hukuheshimu kwa jambo moja tu: wanaamini unajua intaneti. Sasa unaelewa kwa nini sikutaka kurudi mikono mitupu.

Basi usiku mmoja nikaiona. Tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa: ADIMU SANA, Garratt ya Reli ya Afrika Mashariki, ya kipekee, kutoka nyumba ya mzee aliyewahi kuishi Kenya, haijajaribiwa, inauzwa kama ilivyo. Picha tatu, zote zina giza kidogo. Rangi ni ile ya damu ya mzee, kama Mount Gelai. Moyo ukaruka.

Dau langu la juu nilipanga liwe pauni 120. Mnada ulikuwa umebakisha siku mbili na bei ilikuwa pauni 45. Nikaweka dau. Baada ya saa moja mtu akanipita kwa pauni chache. Nikaongeza. Akanipita tena. Mtu huyo alikuwa mgeni kabisa, hana historia ya ununuzi, lakini alikuwa na bidii ya mchwa. Tulipofika pauni 120 ningelala. Badala yake nikajiambia: kama mwingine anaitaka hivi, basi ni mali kweli. Nikaongeza hadi kiwango changu kipya. Jamaa akapanda, akapanda, akasimama hatua moja tu chini yangu. Nikashinda kwa pauni 164.

Kusafirisha, pauni 31, maana kitu chenyewe ni kizito. Hapo tayari ni zaidi ya Sh33,000. Ikifika hapa kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16, kuna ada za huyu na yule. Jumla ikakaribia Sh45,000. Zile Sh18,000 za ziada zilikuwa zangu, za kubadilisha kioo cha laptopu ambacho hadi leo kina mstari wa kijani katikati.

Siku ya sherehe, guka akafungua boksi. Akavaa miwani. Akaigeuza polepole, na kidole chake kikaanza kutembea chini yake, gurudumu moja baada ya lingine. Sisi sote tumenyamaza, kamera za simu ziko juu. Akafika mwisho, akarudia. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Hii umesema ni fifty-nine?"

Nikasema ndiyo, Guka.

"Fifty-nine ina magurudumu kumi na nne kila upande. Hii ina nane."

Hapo nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilichokuwa nacho ni Garratt, hilo si uongo. Lakini ni Garratt ya kampuni ya reli ya LMS ya Uingereza, ambayo pia ilitengenezwa na hao hao Beyer, Peacock, kati ya 1927 na 1930, kwa ajili ya kuvuta makaa ya mawe huko kwao. Haikuwahi kukanyaga Afrika. Mtu aliijenga modeli yake nyumbani kwa vipande vya kuunganisha, mwingine akaipaka rangi ya damu ya mzee, akabandika herufi za Reli ya Afrika Mashariki ubavuni, na safari ikaanza. Tulipoiweka umeme, haikutikisika hata kidogo. Baadaye nilipata nyingine ya aina hiyo hiyo, mbovu vilevile, ila haina hadithi ya Kenya. Iliuzwa pauni 60.

Kwa hivyo injini ilikuwa ya pauni 60. Pauni 104 zilizobaki nililipia neno.

Nilimwandikia muuzaji. Alinijibu vizuri, kwa adabu zote: nilisema inauzwa kama ilivyo, sikuwahi kusema ni daraja la 59, mimi si mtaalamu. Ukitaka kurudisha, gharama ya posta ni yako. Nikapiga hesabu ya posta, nikafunga simu.

Sasa hoja yangu ni hii. Watu wanasema ukichezwa mtandaoni shida ni ujinga wako. Sikatai, nilikuwa mjinga. Lakini minada hii ina lugha yake, na lugha hiyo imetengenezwa ili mtu akudanganye bila kusema uongo hata mmoja. Ukiijua, utaiona kila mahali, kuanzia treni za Uingereza hadi kamera za zamani na viatu vya "toleo maalum" unavyotumiwa kwenye WhatsApp.

Tuanze na "haijajaribiwa". Treni ya modeli hutumia volti 12. Betri ndogo ya volti 9, ile ya mraba, ukiigusisha kwenye magurudumu, injini nzima itageuka. Ni kazi ya sekunde tano. Mtu ana muda wa kupiga picha, kuandika aya tatu, kupima uzito na kupanga bei, lakini sekunde tano hana? Mara nyingi "haijajaribiwa" maana yake ni "nilijaribu ikakataa".

Halafu "adimu". Hornby wana injini moja ndogo inaitwa Smokey Joe. Wameitoa miaka nenda miaka rudi, watoto wengi wameanza nayo. Nimeiona kwenye minada ikiitwa adimu. Neno hilo halitozwi ada, hakuna anayelikagua, na muuzaji asiyeliandika anajiona amebaki nyuma. Likiwa kwenye kila tangazo, halina maana tena kwenye tangazo lolote. Na hata "toleo la vipande 1,000 pekee" haimaanishi kuna watu 1,000 wanaolitaka. Kiwanda kinaweza kupunguza idadi ya vitu. Hakiwezi kuongeza idadi ya wanaovipenda.

Kuna "na boksi lake". Treni ya zamani, kwa mfano ya Hornby Dublo iliyoanza 1938, hupanda bei sana ikiwa na boksi la kiwandani. Basi kuna watu huchapisha maboksi mapya yanayofanana na yale ya zamani, na wengi wao huuza kwa haki, wakisema wazi ni nakala. Shida inaanza kwa mnunuzi wa pili anapoweka injini ndani, akauza, na neno "nakala" likasahaulika njiani. Hakudanganya. Amenyamaza tu.

Na kuna ugonjwa usioonekana kwenye picha. Modeli nyingi za zamani, na hata baadhi ya za karibuni, zina sehemu za aloi ya zinki. Kama kiwandani iliingia uchafu wa risasi, chuma hicho huvimba na kupasuka chenyewe miaka mingi baadaye, hadi kinameguka kama mkate wa juzi. Hakuna dawa. Muuzaji anayejua hukupigia picha ya upande ule mwingine.

Turudi kwa yule jamaa mwenye bidii ya mchwa. Serikali zetu zimetufundisha maneno "wafanyakazi hewa". Kwenye minada kuna wanunuzi hewa: muuzaji mwenyewe kwa akaunti nyingine, au rafiki yake, anapandisha bei ili wewe uone kuna ushindani. Minada mikubwa inakataza. Uingereza ni kosa la jinai pia. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford ilimwadhibu muuzaji mmoja wa eBay aliyekuwa akijiwekea madau kwenye vitu vyake, likiwemo basi dogo. Je, mimi nilikutana na mnunuzi hewa? Sina ushahidi, na sitamtuhumu mtu bila ushahidi. Lakini angalia jinsi mfumo unavyofanya kazi. Unaandika kiwango chako cha juu, mtambo unakificha, kisha unakuwekea dau kidogo kidogo, hatua moja juu ya anayekufuata. Anayetaka kujua ulipoishia ana njia moja tu: kukudonoa, tena na tena, hadi asikie ukuta. Jamaa yangu alinidonoa hadi akafika ukutani, akasimama hatua moja kabla.

Na hata kama alikuwa mtu halisi, bado ningepoteza. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta Marekani waliandika kuhusu kampuni zilizokuwa zikishindania visima baharini. Waligundua kuwa mara nyingi anayeshinda mnada ni yule aliyekosea zaidi kukadiria thamani kwenda juu. Fikiria: watu kumi wanakadiria, mmoja anazidisha kuliko wote, huyo ndiye anapewa. Wachumi wanaiita laana ya mshindi. Mimi niliiona kama ushindi, nikatuma hata picha kwenye kikundi cha familia na emoji za moto.

Najua utaniambia: mnunuzi kwa hiari, muuzaji kwa hiari. Ulilipa kwa mkono wako, hiyo ndiyo bei. Msemo huo tunaujua Kenya, tumeusikia kwenye mambo ya mashamba, na tunajua umewafunika akina nani. Hiari inahitaji macho. Gikomba ukinunua shati la kamera, unalishika, unalinusa, unalitazama kwapani, unaligeuza nje ndani. Ukikubali bei, umekubali kitu unachokijua. Mtandaoni unashika maneno na picha tatu zenye giza. Anayeandika maneno ndiye amekushika mkono, na tovuti nyingi za mnada hukata asilimia ya bei ya mwisho, kwa hivyo hakuna mwenye haraka ya kukuzuia usizidishe.

Cha ajabu ni kwamba mambo hayakuanza hivyo. Kitu cha kwanza kuuzwa kwenye eBay, mwaka 1995, kilikuwa kalamu ya leza mbovu. Iliuzwa dola 14.83. Mwanzilishi, Pierre Omidyar, alimwandikia mnunuzi kuhakikisha anajua imeharibika. Mnunuzi akamjibu kuwa yeye hukusanya kalamu za leza mbovu. Kitu kibovu kikiuzwa kama kibovu hupata mtu wake na bei yake, na hakuna anayelia. Mimi silalamiki kwamba injini yangu ilikuwa mbovu. Ningekuwa nimelipa pauni 60 kwa injini mbovu ya Uingereza, leo ningekuwa natabasamu, na laptopu yangu ingekuwa na kioo.

Kwa hivyo kabla ya kuweka dau lolote, fanya mambo manne. Usiangalie bei zinazoombwa. Tafuta sehemu ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, kwa sababu bei anayoomba mtu ni ndoto yake na bei iliyolipwa ni ukweli. Uliza swali moja ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana: "Hii ni daraja la 59?" Muuzaji akikujibu kwa hadithi ya marehemu mjomba wake, umejibiwa. Andika dau lako la juu kwenye karatasi, ujumuishe usafiri na ushuru, kisha uweke mara moja na uzime simu. Na mwulize mtu aliyekishika kitu chenyewe. Mimi nilikuwa na fayaman wa daraja la 59 chumba cha pili, nikaona nimfanyie mshangao. Angehesabu magurudumu kwenye picha kwa sekunde kumi.

Lakini kuna jambo la tano, na ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu linanihusu mimi kuliko muuzaji.

Wiki mbili baada ya sherehe, nilikuwa na deni, kioo chenye mstari wa kijani, na treni isiyotembea. Nikafungua ukurasa wa kuuza vitu hapa Nairobi. Vidole vyangu vikaanza kuandika vyenyewe: "ADIMU. Garratt ya Reli ya Afrika Mashariki. Ilitoka Uingereza. Haijajaribiwa." Soma tena. Sikuwa nimeandika uongo hata mmoja, ukiacha rangi na herufi zilizobandikwa. Na ningeipata pesa yangu, maana mjini kuna mikahawa inayopenda vitu vya zamani ukutani, na hakuna anayehesabu magurudumu akinywa kahawa.

Hapo nikamwelewa yule wa Uingereza. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Huenda aliyempaka rangi alimwambia aliyemfuata kwamba ni mchezo wake tu, na wa tatu akasahau, na wa nne akaongeza "ya kipekee", na wa tano akaongeza mzee aliyeishi Kenya. Hakuna mwizi mkubwa katika mstari huo. Kuna watu waliochezwa, kila mmoja akitaka kurudisha pesa zake kwa yule anayefuata. Uongo unaishi kwa sababu aliyeumizwa nao ndiye muuzaji wake wa kesho. Anayeweza kuukata ni yule anayekubali kumeza hasara.

Guka hajui nilifikiria hivyo. Tulimpeleka makumbusho Jumamosi moja, akazunguka Mount Gelai akiigusa, akatuonyesha alipokuwa anasimama, akatuhesabia magurudumu kwa sauti, upande wa kushoto na upande wa kulia. Kiingilio cha sisi sote na nauli havikufika robo ya ile pesa ya treni. Kile kinjini chenyewe aliniambia nikiuze nitengeneze laptopu.

Basi nilifuta tangazo la kwanza nikaandika lingine: "Modeli ya Garratt ya LMS ya Uingereza, imejengwa nyumbani, imepakwa rangi ya Reli ya Afrika Mashariki na mtu asiyejulikana. Magurudumu nane kila upande. Nimeijaribu, haitembei. Sh10,000, tunaweza kuongea."

Kufikia leo ni mtu mmoja tu ameulizia. Alitaka kujua kama ni ya Kenya kweli. Nikamwambia si ya Kenya. Hajajibu.